Tupo

Siku ile nilisema "tupo" mara tatu: saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Mara ya kwanza nilikuwa natimiza ahadi. Mara ya pili nilidhani mwenzangu amechelewa tu. Mara ya tatu nilijua kuna jambo limeharibika, na nikasema vilevile.

Kambi ilikuwa ya vijana wa usharika wetu, siku sita za mwanzo wa Julai, shule zikiwa zimefungwa. Tulikaa katika majengo ya zamani ya chuo cha Biblia, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Ulemo, mahali ambapo uwanda unakatika ghafla na njia inaanza kuteremka kwenda bondeni. Alizeti ilikuwa imeshavunwa, mabua yamebaki yamesimama makavu. Upepo ulianza kila siku saa tisa alasiri. Tulilala kwenye magodoro sakafuni, wasichana darasa moja, wavulana darasa jingine, na jioni kila mtu alikwenda kwenye maombi na sweta mwilini.

Hakuna aliyetuhesabu. Kwetu mtu hahesabiwi kwa kidole. Bibi yangu hakuwahi kusema ana wajukuu wangapi. Aliyemuuliza alitajiwa majina, kisha akahesabu mwenyewe kama alitaka balaa. Mama Agnes, mlezi wa wasichana, alilisema hilo siku ya kwanza kabla hata mabegi hayajashushwa kwenye gari.

"Mwinjilisti, watoto wa watu hawanyooshewi kidole kama mbuzi mnadani."

"Sasa mama, nitajuaje kama wametimia?"

"Daudi naye alitaka kujua kama wametimia. Wakafa elfu sabini."

Mwinjilisti Chediel alikuwa na miaka thelathini na moja, mtu mpole, asiyependa kushindana na wakubwa. Alikwenda pembeni na kaunta buku lake, akarudi na njia. Alitugawa wawili wawili, kama wanafunzi walivyotumwa. Angesoma majina mawili, na jozi ingeitika, "Tupo." Asiyemwona mwenzake alitakiwa kunyamaza. Mama Agnes aliridhika, kwa kuwa majina yanasomwa na hakuna kinachohesabiwa. Chediel naye aliridhika, kwa kuwa jozi zilikuwa thelathini na mbili na tiki zingekuwa thelathini na mbili.

Kasoro ilikuwa ndani ya neno lenyewe. "Nipo" halisemwi na asiyekuwepo. "Tupo" linaweza kusemwa na mtu mmoja mwenye sauti ya kutosha. Hakuna aliyeliona hilo isipokuwa Ritha, jozi yangu, na aliliona jioni ya kwanza.

Tulikuwa na miaka kumi na saba wote wawili na tulisoma darasa moja tangu chekechea. Mama yake, Theresia, alikuwa ameondoka kwa mumewe miaka miwili na miezi minne kabla ya kambi, akaenda kuishi kwao, bondeni, kilomita tisa kutoka pale tulipokuwa. Baba yake, Leonard, alikuwa mzee wa kanisa. Kwenye fomu ya ruhusa, mahali palipoandikwa "Maelezo mengine", alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *Asiruhusiwe kushuka bondeni kwa sababu yoyote.* Fomu hiyo niliiona. Kuomba ruhusa hakukuwa na maana.

Siku ya pili alasiri tulipangiwa kuchambua maharage nyuma ya jiko.

"Umesikia Peniel alivyoitika leo?" Ritha aliniuliza. "Joyce, jozi yake, alikuwa chooni. Tiki ikapigwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho nakwenda kwa mama."

"Ukikamatwa?"

"Nitakamatwaje na mimi nipo? Wewe ndiye utakayesema nipo."

"Huo ni uongo, Ritha."

"Uongo uko wapi? Umeitwa jina, umeitika. Tena kwa wingi, kama serikali. Serikali si husema 'tumejipanga' hata kama ofisini yuko mlinzi peke yake?" Alitupa jiwe alilolitoa kwenye maharage. "Kushuka ni mwendo wa saa mbili, kupanda saa mbili na nusu. Saa sita niko hapa nakula ugali wenu mbichi. Nitakuletea karanga."

"Sitaki karanga."

"Unazitaka. Unazipenda kuliko wokovu."

Nilicheka. Nilikubali kwa sababu nilimwonea huruma, na pia kwa sababu hesabu zake zilikuwa sahihi. Niliipitia mipango yake akilini na sikuona kosa. Hilo nalitaja kwa kuwa baadaye ilisemwa kwamba tulifanya utoto. Haukuwa utoto. Ulikuwa mpango mzuri usio na nafasi ya mtu kuteleza.

Aliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, wengine wakipanga foleni ya maji. Alivaa sweta la shule la bluu na raba zilizokwisha soli. Simu zetu zote zilikuwa kwenye ndoo ya Mama Agnes tangu siku ya kwanza.

Saa moja Chediel alisimama mbele ya ukumbi. Jozi yetu ilikuwa ya kumi na nne.

"Dorkas na Ritha."

"Tupo."

Hakuinua macho. Alipiga tiki, akaendelea.

Saa saba tulipanga mstari wa chakula. Niliitika tena. Peniel alikuwa nyuma yangu na sahani yake.

"Mwenzako yuko wapi? Kaolewa?"

"Yuko chooni."

"Tangu asubuhi? Basi mwiteni daktari, si mchungaji."

Wasichana wawili walicheka, nami nikacheka nao. Nilichukua sahani mbili, nikala yangu, na ya Ritha nikaifunika kwa sahani nyingine chini ya dirisha. Saa tisa upepo ulipoanza nilikwenda ukingoni, mahali njia inapoanza kushuka, nikasimama. Kutoka pale mtu anaona kama mita mia mbili za njia, kisha majabali yanaificha. Nilisimama dakika ishirini. Hakupanda mtu. Nilirudi kwenye somo, kwa sababu kukosekana kwetu wote wawili kungeonekana.

Saa kumi na mbili jioni jua lilikuwa limeshafika chini na Chediel alisoma haraka kwa ajili ya baridi. Zilipobaki jozi tatu kabla yetu nilifikiri hivi: nikinyamaza, ataniuliza Ritha yuko wapi, nikimwambia, ataniuliza tangu lini, nikisema tangu alfajiri, tiki mbili za juu zitakuwa uongo wangu. Na huenda yuko njiani, amebakiza dakika kumi.

"Dorkas na Ritha."

"Tupo."

Watu wengi wamenitajia Petro tangu wakati huo. Petro alikana mara tatu. Mimi nilithibitisha mara tatu.

Saa mbili Mama Agnes alipita kati ya magodoro akakuta moja tupu. Nilimwambia Ritha ametoka baada ya sala, nadhani chooni. Kwa hiyo walimtafuta vyooni, kisimani na ndani ya mabua ya alizeti, wanaume sita na tochi nne, wakiliita jina lake kuelekea upande ambao hakuwapo. Chediel alirudi mara mbili kuniuliza kama alikuwa mgonjwa au amegombana na mtu. Nilisema hapana. Hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Asubuhi saa moja kasoro, mtu aliyekuwa anapeleka mbuzi kwenye maji alimkuta. Alikuwa kando ya njia, chini ya majabali, kilomita mbili kutoka kambini, ameegemea jiwe. Paja la kulia lilikuwa limevunjika. Alikuwa ameufunga mguu kwa mkanda wa begi na mikono ya sweta. Tabibu wa zahanati alisema alivuja damu ndani taratibu, na baridi ikasaidia kummaliza; alikadiria kwamba alikufa kati ya saa tisa usiku na alfajiri. Pembeni yake, upande wa mkono wa kulia, palikuwa na maganda ya karanga. Hayakutawanyika. Aliyarundika mahali pamoja, kama mtu anayekula akisubiri gari.

Polisi waliandika ajali, na kweli ilikuwa ajali. Baada ya hapo hawakuwa na swali.

Maswali yalikuwa ya kanisa na ya ukoo. Siku nane baada ya maziko tuliitwa kwenye ofisi ya usharika. Mwenyekiti alikuwa Mzee Alute, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, ambaye hata kwenye vikao vya kwaya alitaka maneno yatamkwe polepole ili yaandikike. Walikuwapo Chediel, Mama Agnes, Leonard baba yake Ritha, na mimi. Kwenye benchi karibu na mlango aliketi mwanamke ambaye sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka miwili, na kitambo kidogo sikumtambua. Alikuwa Mama Ritha. Hakuna aliyemsogezea kiti. Nilimwamkia nikipita, "Shikamoo mama," akaitikia bila kuniangalia.

Alikuwa ameitwa kwa sababu ya jambo alilolisema msibani. Alisema mtoto alikuja kwake asubuhi, akala, akaondoka saa nane mchana. Watu hawakumwamini. Mimi nilikuwa nimesema Ritha alikuwa kambini jioni, na kaunta buku lilisema hivyo hivyo. Kwa hiyo upande wa baba ulikuwa umepata maelezo yake: mama alimwita mtoto kwa siri, mtoto akatoroka usiku kumfuata, akaanguka gizani, sasa mama anahamisha saa ili kujisafisha. Bondeni walikuwa wameanza kumkwepa kisimani. Kaka yake, aliyempa nyumba, alikuwa amemwambia atafute pa kwenda.

"Mama Ritha," alisema Mzee Alute, "rudia ulivyosema."

"Alifika saa moja na nusu. Nilikuwa nafagia. Nilichinja kuku." Alisema bila kupandisha sauti. "Alitaka kuondoka saa nne, nikamwambia kuku hajaiva. Saa nane akaondoka. Nilimsindikiza hadi kwenye mto mkavu."

"Saa uliijuaje?"

"Redio ya jirani. Taarifa ya habari."

Leonard aligeuka kwenye kiti. "Mzee, tunapoteza muda. Mwanamke huyu anataka tuamini marehemu alikuwa mahali pawili."

"Bwana Leonard, zamu yako ilipita."

"Mtu aliyeacha watoto wake anajua saa za redio!"

"Nilimwacha mmoja," alisema Mama Ritha. "Nilikuwa na mmoja."

Mzee Alute aligonga meza kwa kalamu, mara moja. Akamwomba Chediel kaunta buku, akalifungua, akafuata mstari kwa ukucha.

"Hapa pana tiki tatu. Mwinjilisti, hii ya saa kumi na mbili jioni. Ulimwona Ritha?"

"Nilimsikia, mzee."

"Sikuuliza masikio."

Chediel alilitazama daftari mkononi mwa mzee. Uso wake ulikuwa umekonda tangu kambi. "Ilikuwa giza linaingia. Jozi iliitika."

"Iliitika kwa sauti ngapi?"

"Sauti... jozi huitika pamoja, mzee. Sikumbuki sauti."

"Kwa nini hukuwahesabu?"

Mama Agnes alijibu kabla yake. "Mimi ndiye niliyekataa. Andika jina langu hapo."

"Nitaandika." Aliandika kweli, akichukua muda. Kisha akaweka kalamu chini. "Sasa, nina daftari na nina mama. Daftari linasema mchana na jioni alikuwa kambini. Mama anasema mchana alikuwa kwake, na kambini hakufika tena, aliishia njiani. Mmoja kati ya hawa wawili anadanganya, na daftari halina sababu ya kudanganya."

"Alikuwa na mwenzake wa kumwitikia," alisema Mama Ritha. "Aliniambia hivyo akicheka. Nilisema msibani, hakuna aliyenisikiliza."

"Mwenzake nani?"

"Sikumuuliza jina. Alisema mwenzake. Nilimfungia karanga kwenye kitenge changu, mafundo mawili, moja lake na moja la huyo mwenzake."

Leonard alicheka kwa pua. Mzee Alute hakucheka. Alinigeukia.

"Dorkas, wewe ndiye jozi."

"Ndiyo, mzee."

"Umeshasema mara mbili, kwa Mama Agnes na kwa polisi, kwamba jioni mlikuwa wote. Unaongeza au unapunguza?"

Nilijua nini kipo mezani. Nikinyamaza, Mama Ritha atarudi bondeni akiwa mwongo aliyemuua mwanawe, na itabaki hivyo kwa sababu imeandikwa. Nikisema, hakuna atakayefufuka, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeandikwa. Nilitafuta hoja ya tatu na sikuipata.

Mzee Alute alinisubiri. Kisha, nadhani kwa mazoea ya mahakama tu, alimrudishia Chediel kaunta buku.

"Basi soma. Soma kama ulivyosoma jioni ile, binti aitike kama alivyoitika, tusikie ni sauti ngapi."

Chediel alisimama. Aliushika ule ukurasa kwa mikono miwili.

"Dorkas na Ritha."

"Nipo," nilisema.

Mzee Alute aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu asiyesikia vizuri.

"Sema tena."

"Nipo. Peke yangu. Aliondoka alfajiri saa kumi na moja na nusu. Asubuhi sikuwa naye, mchana sikuwa naye, jioni sikuwa naye."

Chediel alikaa bila kuambiwa. Mama Agnes alijifunika uso kwa kanga. Leonard alinitazama kama mtu anayeangalia ukuta wa nyumba yake umepasuka, kisha akatoka nje, na tulimsikia akitembea huku na huko kwenye kokoto. Mzee Alute alichukua kalamu akaanza kuandika. Aliniuliza saa, moja baada ya nyingine, nikamtajia: ukingoni saa tisa, dakika ishirini; jioni saa kumi na mbili na dakika chache; chooni, saa mbili. Aliandika yote. Hakunikemea. Alipomaliza alinipa nisome, nikasahihisha neno moja, nikatia sahihi.

Ndipo Mama Ritha alipoinuka kwenye benchi akaja kusimama mbele yangu. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka.

"Saa kumi na mbili ulijua hajarudi?"

"Nilijua."

"Na saa mbili, walipokuwa wanamwita huko kwenye alizeti?"

"Nilijua, mama."

"Alikuwa hai."

"Ndiyo."

Alitingisha kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei anayoijua. Alifungua mkoba wake, akatoa kitenge cha kijani chenye maua meupe. Zahanati walikuwa wamemrudishia. Upande mmoja wa pindo ulikuwa umekunjamana, fundo limefunguliwa. Upande wa pili fundo lilikuwa bado limekazwa.

"Lake alilimaliza," alisema. "Saa kumi na nne amekaa pale na njaa na baridi. Hili hakulifungua."

Alijaribu kulifungua yeye, vidole vikashindwa, akaomba mkasi. Mama Agnes alimpa wa ofisini. Aliikata ile pembe ya kitenge na fundo lake, akaniwekea mkononi, akatoka bila kuaga mtu. Baadaye nilisikia kaka yake hakumfukuza tena. Chediel alisimamishwa utumishi kwa mwaka mmoja, na alipomaliza hakurudi. Anafuga nyuki huko Rungwa. Mimi nilitengwa na meza ya Bwana kwa miezi sita, jina langu likasomwa Jumapili, mbele ya watu. Kambi ya mwaka uliofuata ilifanyika. Nasikia waliwahesabu vijana kwa kidole, mmoja mmoja, na hakuna mama aliyepinga.

Siku ile ya kikao nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Nilikaa mlangoni, nikalifungua fundo kwa meno, nikazimwaga karanga kwenye ungo. Zilikuwa za maganda, zimekaangwa, nyingine zimeanza kuota ukungu. Mama alitoka jikoni akanikuta nazitenga mbili mbili.

"Unahesabu nini?"

"Karanga."

Aliutazama ule ungo, akarudi jikoni. Nilizihesabu hadi mwisho. Zilikuwa arobaini na moja. Moja ilibaki bila mwenzake.